Dagaa wa Kwenda Montserrat

Karani Misana ameshusha miwani,
kidole kinateremka kwenye orodha ya nchi:
Monako, Mongolia, Montenegro, Moroko.
"Mama, hii yako haipo."
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Kilo mbili za dagaa wa Mwaloni,
wa kuanikwa chanjani, si wa mchangani,
nimewafunga nailoni tabaka tatu
na bado Posta nzima inajua nimebeba nini.

"Ni kisiwa," nasema. "Mdogo wangu Nkwimba ni nesi huko."
"Kisiwa cha nani?"

Swali zuri hilo, Misana.

Nkwimba hupiga simu alfajiri yetu, usiku wao.
Dada, huku si nchi, si mkoa.
Wana bendera, ila kwenye pembe yake
imeshonwa ya Mwingereza, kama lebo ya fundi kwenye kola.
Wanapiga kura, wana waziri mkuu,
halafu gavana analetwa kutoka London.
Watu wote hawafiki elfu tano,
hawajazi hata jukwaa moja pale Kirumba.

Alifika kwa kindege kutoka Antigua
kinachotetemeka kama cherehani yenye mkanda mbovu.
Uwanjani wakamgongea muhuri wa jani la kijani,
jani la Waayalandi wa zamani.
Mwenye nyumba wake ni Bi Eudora Sweeney,
mweusi kuliko sisi,
na hilo Sweeney si la babu yake,
ni la aliyemnunua babu yake.

Mji mkuu wao umezikwa.
Mlima uliamka mwaka tisini na tano,
ukatema, ukatulia, ukatema tena,
hadi majivu yakafika madirishani
na watu wakahamia kaskazini na magodoro yao.
Hakuna anayelala Plymouth sasa.
Kwenye karatasi, bado ndio makao makuu.

Sikumjibu kitu siku ile.
Nilikumbuka Mei ya tisini na sita,
sisi tumesimama Igoma, udongo mwekundu kwenye viatu,
meli iko chini ya maji na majina yanasomwa,
yanasomwa.
Wao mlima, sisi ziwa.

Misana anapekua daftari jingine.
Namwangalia, naangalia dirisha.
Lile jiwe pale majini linaitwa Bismarck,
Mjerumani ambaye hakuwahi kuliona.
Na ziwa lenyewe, tunalochotea maji ya ugali,
lina jina la malkia
ambaye hakuwahi kusuuza hata leso humu.
Bibi yetu alisema Nyanza, basi.
Kwa hiyo usinikazie macho, karani,
ukiniuliza kisiwa ni cha nani.

Halafu kuna habari ya muhogo.
Bi Eudora alimpikia Nkwimba mkate wa muhogo.
Nkwimba akajisifu: chakula cha kwetu hicho, ugali wa udaga!
Bi Eudora akacheka: mwanangu, muhogo ni wa huku.
Walibishana hadi chai ikapoa.
Nami nilibisha, nikamuuliza mwalimu wa jiografia pale Nyakato,
akasema mama ana haki.
Muhogo ulipanda meli ukaja huku.
Watu walipandishwa meli wakaenda kule.
Tangu siku hiyo nikimenya muhogo
mkono unakuwa mzito kidogo.

Mwishowe Misana kaandika kwa kalamu ya wino, chini kabisa,
pasipo na mstari.
Shilingi alizonitajia sitaji, mume wangu asije akasoma.

Ilichukua miezi mitano.
Walipelekwa kwanza Monrovia, mtu alisoma nusu ya neno,
wakapita Uingereza, wakapekuliwa,
wakafika bila kona moja ya boksi.

Alfajiri simu ikaita. Nkwimba hasemi.
Anatafuna tu, nasikia,
na nyuma yake sauti nzito ya kike inauliza kitu.
"Anauliza kama vichwa vinaliwa."
Mwambie vinaliwa.